Walivyodai hongo kwenye kaburi la baba, ndo nilipoanzia kuchekesha

Watu wakiniuliza nilianzaje kuchekesha huwa nawadanganya. Nawaambia nilianza shuleni, nilikuwa naigiza walimu, maana hilo ndo jibu la wachekeshaji wote na mtu akishalisikia anaridhika anarudi kwenye soda yake. Ukweli ni kwamba nilianzia makaburini, mwaka 2006, siku tunamzika baba.

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa reli. Akahamishiwa Dodoma, akakutana na mama, Mgogo wa Mpwapwa, na safari yake ikaishia hapo. Sasa kwa msiojua, Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na utani wenyewe haukuanza jana. Karne ya 19 misafara ya kwenda na kutoka pwani ilikuwa inakatiza Ugogo, wapagazi wengi wao Wanyamwezi, pembe za ndovu mabegani, na nchi hii si unaijua, kavu, mvua inakuja siku ikijisikia, kwa hiyo mwenye kisima ndo mwenye mji. Watemi wa Kigogo wakawa wanawatoza wapita njia, lipa upite, lipa unywe maji, wanapokea nguo, shanga, waya. Hiyo tozo ilikuwa inaitwa hongo. Ndiyo, neno hilohilo. Leo ukilitamka ofisini watu wanageuka kuangalia mlango, ila enzi hizo mtemi alikuwa anapokea hongo yake mchana kweupe na wazee wamekaa pembeni wanahesabu.

Basi siku ya mazishi jeneza liko pembeni ya shimo, katekista kashafunga kitabu, vijana wameshika kamba. Mara mjomba wangu, kaka yake mama kabisa tumbo moja, akavua viatu, akavipanga vizuri kama anaingia msikitini, akaruka ndani ya shimo. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akaegemea udongo kama mtu yuko kwenye kochi lake.

"Mbukwenyi," akatusalimia kwa Kigogo. Kimya. "Huyu hazikwi. Babu zake walipita hapa na mizigo wakalipa hongo kila kijiji. Huyu kakaa kwetu miaka ishirini na tano, kanywa maji yetu, kala mlenda wetu, dada yetu kachukua, hajatoa hata kitambaa. Sitoki."

Wazee wa upande wa baba waliotoka Tabora wakaanza kujipapasa mifukoni. Mmoja akainama akampa elfu mbili. Mjomba akaigeuzageuza, akaishika juu kwenye mwanga kama mhasibu, akasema, "Hii ya soda. Nataka ya hongo." Wakaongeza mpaka ikafika elfu tano na tumbaku kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mama, nikasikia kitu kinakoroma, nikajua analia tena, kumgeukia nakuta amejaza kanga mdomoni anacheka, mwili mzima unatetemeka. Siku ya tatu ile alikuwa hajala wala hajasema neno. Mjomba akatoka shimoni, akajipangusa vumbi, akaliangalia jeneza, afu akasema kwa sauti ndogo sana, "Haya. Mtueni mzigo, kafika."

Hapo ndo watu wakalia sasa.

Nimefanya hii kazi zaidi ya miaka kumi na kitu bora kuliko kile sijakiona. Dakika nne labda tano, hamna maiki, hamna taa, na aliyekuja kuona show amelala kwenye sanduku. Baadaye nilimkuta mjomba nyuma ya mbuyu peke yake anafuta machozi na ile elfu tano, na mimi kwa akili zangu za miaka 21 nikamuuliza mjomba uliwezaje. Akaniambia, mpwa wangu, mimi sikufanya kitu, mimi ni mtani wake. Sikumwelewa. Ilinichukua kama miaka kumi na mbili na aibu moja kubwa sana kuja kumwelewa, ntaifikia.

Lakini kazi ya mdomo nilishaianza mapema zaidi, nilikuwa nauza karanga stesheni. Miaka ya tisini hiyo, baba yuko zamu, mimi na sinia langu chini ya madirisha ya treni inayotoka bara kwenda Dar. Abiria yuko juu wewe uko chini, mmejazana watoto ishirini wote mnapiga kelele karanga karanga karanga, na treni haijasema inakaa muda gani. Nikagundua ukisema "karanga" hakuna anayekuangalia, kwa sababu kila mtu anasema karanga. Nikawa nachagua mtu mmoja. "Mzee wa kofia nyekundu, mama kasema usithubutu kufika nyumbani bila karanga." Mzee anashtuka, mke wake aliyekaa pembeni anacheka, anamwambia haya nunua sasa, mtoto kakwambia. Hii mpaka leo naitumia. Nikipanda jukwaani sisalimii ukumbi mzima kwanza, natafuta mzee wa kofia nyekundu.

Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilivyofunguliwa 2007 mimi nikaingia mwaka uliofuata, nikasoma Kiswahili, nikamaliza, nikafundisha shule moja ya binafsi miaka miwili hivi. Siongei sana kuhusu ualimu. Ntasema tu kwamba kama unataka kujua wewe ni mchekeshaji au la, kafundishe ngeli za nomino saa nane mchana Dodoma, bati juu, watoto sabini wametoka kula makande. Ukiweza kuwafanya wasilale, hakuna ukumbi utakaokutisha.

Nikahamia redio. Redio ndo ilinifundisha kuandika, na haikunilipa karibu chochote, yaani mwisho wa mwezi ulikuwa unasogea kama upinde wa mvua, ukifika ulipouona unakuta umehamia mbele. Ila kila asubuhi nilitakiwa niwe na vipande vitatu vya kuchekesha vya dakika moja moja, jumatatu mpaka ijumaa. Hesabu mwenyewe, ni kumi na tano kwa wiki. Hamna mtu ana vichekesho kumi na tano kwa wiki kichwani. Kwa hiyo unajifunza kukaa chini na kuandika hata kama hujisikii, unaandika kuhusu vumbi, unaandika kuhusu upepo wa mwezi wa nane, unaandika kuhusu konda wa daladala anayekuambia siti zipo, ni kweli zipo, ila zina watu. Vingi vilikuwa vibovu. Kitu kingine, redioni huwezi kutegemea uso. Pale nilizoea kufinya macho na kubenua mdomo watu wacheke, redioni ukibenua mdomo anakuona fundi mitambo peke yake na yeye anakula mihogo. Lazima neno lenyewe libebe.

Huku redio hailipi, nikaanza u-MC. Sendofu, kitcheni pati, harusi, kipaimara, hata kuzindua duka la vifaa vya ujenzi. Hii kazi wachekeshaji wengi wanaidharau, wanasema si sanaa, na mimi nakataa. Kwenye stendap watu wamelipa kuja kucheka. Kwenye harusi watu wamechangia, tofauti kabisa, kuna baba mdogo pale katoa laki tatu na hajui hata kwa nini, anataka kuona chakula. Wewe unamchelewesha.

Nilikosea mara moja vibaya sana. Harusi ya watu wa hapahapa mjini, nikaona mzee wa meza kuu upande wa bibi harusi ametulia, anajificha ficha nyuma ya maua, nikasema, "Baba wa bibi harusi jamani mbona unajificha, mahari si umeshakula?" Ukumbi ukawa kama umemwagiwa maji. Katibu wa kamati akaja mbio akaninong'oneza, yule ni baba mdogo, baba mzazi tumemzika mwezi wa tatu. Bibi harusi alikuwa anaangalia sahani yake. Nikaomba radhi pale pale kwenye maiki, nikapiga magoti, lakini radhi ya kwenye maiki si radhi, ni tangazo. Nikaenda nyumbani kwao wiki iliyofuata na kilo mbili za sukari, mama yake akanipokea vizuri, akaniambia mwanangu tulikusamehe palepale ila ungeuliza.

Toka siku hiyo sishiki maiki kabla sijakaa na katibu wa kamati na maswali yangu. Nani kafariki. Nani kaachana na nani na wote wamealikwa. Nani haongei na nani. Nani ameokoka karibuni. Nani alitaka kumuoa huyu dada akakosa na amechangia. Hilo la mwisho wanacheka wakilisikia, ila mara tatu nimepata jibu.

Sasa 2016 serikali ikatangaza kwamba inahamia Dodoma kweli kweli. Makao makuu ni habari ya tangu 1973, sisi tumezaliwa tunaisikia, bibi zetu wameisikia, ilishakuwa kama hadithi ya sungura. Mara tunaona malori ya mafaili. Kodi za nyumba zikaruka, chumba nilichokuwa nalipa elfu arobaini Chang'ombe ya hapahapa Dodoma mwenye nyumba akaniambia kuanzia mwezi ujao elfu tisini, nikamuuliza mama kimebadilika nini, akasema wamekuja wageni. April 26, 2018 tukawa jiji kabisa. Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu, semina. Mji ukajaa semina, warsha, chakula cha jioni cha kuagana, chakula cha jioni cha kukaribishana, na kila sehemu wanataka MC anayejua kuvaa suti na kutamka "itifaki imezingatiwa" bila kucheka mwenyewe.

Hapo nikapata na dili la kuandika. Bosi fulani alikuwa anastaafu akataka hotuba yenye utani kidogo. Nikaandika kurasa mbili, nzuri, niliipenda. Akanirudishia na kalamu nyekundu, hapa patawaudhi idara ya fedha toa, hapa mke wangu hatapenda toa, hapa nitaonekana nilikuwa nachelewa kazini toa. Tulipomaliza ikabaki salamu na shukrani. Akanilipa yote, mia mbili taslimu, laki mbili namaanisha. Usiku wa shughuli nikakaa nyuma kusikiliza, akasimama, akasema salamu, afu akachomekea mwenyewe hadithi moja ndefu ya mbuzi aliyeingia ofisini mwaka 1994 ambayo haina mwanzo wala mwisho, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikawa naangalia nyuso. Walikuwa wanacheka macho yako kwake, hawamwangalii jirani. Mtu akicheka kweli humuangalia aliye pembeni yake, anampiga paja, anataka mwenzake naye acheke. Akicheka huku anamtazama bosi hicho ni kicheko cha posho. Kiangalie siku moja, utakiona. Mimi toka siku ile hata nikichekewa sana huwa naangalia kwanza shingo zimegeukia wapi.

Stendap yenyewe nimeianza nimeshachelewa, nina miaka 32. Kwa sisi wa Dodoma stendap ilikuwa kitu cha Dar, tunaiona kwenye simu, jukwaa la Cheka Tu, na kabla ya hapo Wakenya na Churchill Show yao. Komedi tuliyokulia ni ya kuigiza, Mzee Majuto, afu baadaye Orijino Komedi pale TBC1, mtu anavaa gauni anaweka mto tumboni anaanguka. Kusimama peke yako na nguo zako za kawaida ukaongea tu, watu wa huku walikuwa wanauliza, sasa mchezo unaanza saa ngapi?

Baa moja Area D ikakubali kutupa jumatano, siku mbovu. Tulikuwa watatu. TV ya mpira hawakuizima, waliizima sauti tu, kwa hiyo katikati ya kichekesho chako watu wanapiga kelele ya goli la timu ambayo hata hujui inacheza. Watu kumi na wanne siku ya kwanza, nimewahesabu, wanne ni wahudumu. Nikapewa dakika tano nikamaliza vitu vyangu vyote kwa dakika mbili na nusu kwa sababu ya woga, nikabaki nimeshika maiki naulizia kama kuna mtu anatoka Kondoa.

Agosti 8 mwaka ule 2018, nilikuwa Nanenane pale Nzuguni, nimekodiwa kwenye banda la mbegu, kutwa nzima nasifia alizeti juani. Jioni nafungasha spika ndo habari ikaingia kwenye simu kwamba Mzee Majuto kafariki. Mama mmoja muuza asali wa banda la jirani akakaa kwenye ndoo yake akaanza kucheka peke yake, akasema, nakumbuka anavyokunja uso. Afu akaanza kulia. Sikuwahi hata kumuona Majuto ana kwa ana lakini nilimfikiria mama yangu na ile kanga mdomoni.

Haya, ile aibu sasa. Miezi michache baadaye nikaalikwa kwenye chakula cha jioni, hoteli nzuri, watumishi wa ofisi fulani wamehamia karibuni kutoka Dar, wanataka "mchekeshaji wa nyumbani". Nikajiandaa wiki nzima. Na nilikuwa na kichekesho kimoja nilichokiona ni dhahabu, sijakijaribu popote, nikakiweka mwanzoni kabisa ili niwamalize mapema. Nikapanda, nikashika maiki, nikasema:

"Karibuni Dodoma. Msije mkafikiri hongo mmetuletea nyie, hongo mmeikuta."

Jamani. Nimewahi kusikia kimya, nimeshazika, nimekaa mtihani wa taifa, ila kimya kile kilikuwa na uzito. Kijiko kimoja kikagonga sahani. Mzee mmoja wa meza ya mbele akatoa kijitabu akaandika kitu, labda alikuwa anaandika vitu vya kununua sokoni sijui, lakini mimi niliona jina langu. Nikaharakisha kueleza, jamani zamani hongo ilikuwa ushuru wa misafara, watemi, wapagazi, maji, nikawa natoa somo la historia nalowa jasho, na kichekesho ukikieleza baada ya kukisema ni sawa na kumpa mtu chumvi akishanawa mikono. Wazee wanasema jina Dodoma limetokana na idodomya, imezama, kwa sababu ya tembo aliyezama kwenye tope pale mtoni akashindwa kutoka. Siku ile nilimwelewa yule tembo. Nilibaki na dakika kumi na nane za kujitapatapa.

Walinilipa nusu. Mwezi uliofuata shughuli mbili nilizokuwa nimeahidiwa zikapotea bila maelezo, simu zinaita hazipokelewi. Nikarudi kuandika vipande vya redio.

Nilikasirika sana, nikawa nasema hawa watu wa maofisini hawana ucheshi, wanaogopa kivuli. Niliamini hivo kama mwezi mzima, ni raha kweli kuamini kwamba tatizo ni wasikilizaji. Afu nikaenda Mpwapwa kumsalimia mjomba, nikamsimulia, nikategemea atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Hao ni watani zako?" Nikasema hapana, ni watumishi. "Sasa uliingiaje kwenye shimo lao?"

Hapo ndo ikanishuka. Mjomba pale kaburini alisema neno hilohilo, hongo, mbele ya wafiwa, na watu wakacheka, kwa sababu kibali chake kilikuwepo kabla hajazaliwa. Kila mtu pale alikuwa anajua yeye ni nani kwa marehemu. Angeruka kwenye kaburi la mtu baki wangemtoa na majembe. Mimi pale hotelini nilikuwa mtu baki. Nimepanda, hawanijui, sijawaambia mimi ni nani kwao, nimewaita wala rushwa kwenye sentensi ya pili. Hata mimi ningetoa kijitabu.

Nikakaa na kile kichekesho nikakifumua. Maneno karibu ni yaleyale ila nimepindua mpangilio. Siku hizi naanza na baba. Baba Mnyamwezi, mama Mgogo, kwa hiyo mimi ni mtani wa mimi mwenyewe, nikiamka asubuhi najitukana kwanza ndo napiga mswaki. Hapo nimeshajitukana mimi, hakuna aliyeumia. Afu naeleza misafara, polepole, hongo ya zamani nini, mtemi anakaa wapi, maji bei gani, sichekeshi sana hapo, natabasamu tu, watu wanajifunza kitu na wanashangaa. Afu namwingiza mjomba kwenye shimo. Wanacheka. Elfu mbili, "hii ya soda", wanacheka zaidi. Wakishatulia ndo naangalia meza za mbele, nawahesabu kwa kidole, taratibu, kama mtemi, na nasema:

"Sasa nyie. 2016 tuliwaona. Msafara mrefu kuliko wa Wanyamwezi. Mafaili kichwani. Mmekunywa maji yetu, mmekula zabibu zetu, dada zetu mmeoa, kodi za nyumba mmepandisha. Mnataka na viwanja. Hongo yetu iko wapi?"

Ukumbi unaanguka. Na wanageukiana, wanapigana mapaja, si kile cha posho. Kwa sababu sijawaita wala rushwa, nimewaita wapagazi, nimewafanya watani. Mtu akishakuwa mtani wako anaweza hata kukujibu, na wanajibu, siku moja mama mmoja mhasibu akanyanyuka kabisa akaniletea buku jukwaani, akasema hii ya soda. Sikuwa nimempanga. Nimekaa na kile kichekesho sasa miaka sita, kina dakika kumi na moja, kilianza na sentensi mbili.

2020 ilipokuja korona, mwezi wa tatu mikusanyiko ikasimama, sendofu hamna, semina hamna, baa ya jumatano imefungwa na mpaka leo ni duka la vipuri vya bodaboda. Nikaingia kwenye kuandika tamthilia. Huko ni dunia nyingine, unalipwa kwa kipande, laki na ishirini mimi nilianzia, na unaandika watu watano wanaongea wakati umezoea mmoja. Kosa langu la kwanza wahusika wote walikuwa wachekeshaji. Mama mkwe anachekesha, mlinzi anachekesha, daktari anachekesha, mwongozaji akanipigia akaniambia dada, kila mtu humu ni wewe. Aliniuma ila alikuwa sahihi. Nikawa nampa utani mtu mmoja tu kwenye kipande na wengine wanakuwa makaburi yake, kama unanielewa.

Kuibiwa nimeibiwa. Kile kipande cha baba na mama nilikikuta kwenye simu ya mtu, jamaa mwingine anakifanya, kageuza tu baba kuwa Mhehe. Rafiki yangu mwanasheria akaniambia Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ulivyoiandika au kuirekodi, wazo tupu hailindi, na kuwa mtoto wa makabila mawili si mali yangu. Nikaachana na yule jamaa. Ila toka hapo nikifanya kitu kipya nakirekodi, naandika tarehe kwenye daftari, madaftari yamefika kumi na saba yako chini ya kitanda na panya mmoja keshasoma la mwaka 2019 lote.

Kilichobadilisha maisha yangu zaidi siku hizi hata si usanii, ni treni. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma mwezi wa saba 2024, Dar ni chini ya saa nne. Zamani shughuli ya Dar ilikuwa siku tatu, basi kutwa nzima, unafika miguu imevimba unapanda jukwaani unachekesha kwa hasira. Huwa nafikiria baba angeiona, mtu aliyekuwa anatuambia treni haichelewi, treni inatafakari.

Mwaka jana nikampeleka mjomba Dar. Ana themanini na kitu sasa, hajawahi kuniona nikifanya kazi, alikuwa anajua tu nasimama mahali naongea. Njia nzima alikuwa anachungulia dirishani akitafuta watoto wa karanga, akauliza mara mbili, mbona haisimami watu wakauza. Usiku nikamkalisha meza ya mbele, amevaa koti lake la kanisani, nikafanya dakika zangu arobaini, nikafunga na ile ya kaburini. Sikuwaambia watu kwamba mwenyewe yuko pale. Ukumbi ulicheka mpaka mhudumu akaweka trei chini. Mjomba alikaa tu mikono juu ya fimbo, anaangalia watu, hata hakuniangalia mimi.

Kwenye treni ya kurudi kesho yake nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, mjomba, umeonaje?

Akafikiria. Tumeshapita Morogoro ndo akajibu.

"Unaongea sana. Mimi nilikaa tu kwenye shimo."

Afu akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikajifanya sielewi. Akasema hadithi yangu, mdomo wangu, shemeji yangu, unaiuza Dar. Nikatoa elfu kumi nikamwekea. Akaishika juu kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuzageuza, mimi nimeshaanza kucheka najua inapoelekea, na mama wa siti ya pili naye anatuangalia haelewi kitu.

"Hii ya soda," akasema, akaikunja ndani ya koti, akalala mdomo wazi mpaka Dodoma.